Kuku akisinzia tunamwahi kwa kisu. Je, kama ni mafua ya ndege?

Mama Mitetea, Bukoba
Wakuu, nisaidieni. Kuku wangu wa kienyeji walikuwa 31, tangu Jumapili wamekufa 9. Wanazubaa, wanaachia mabawa, wanaharisha kijani. Mama mkwe hataki hasara: kuku akianza kusinzia tu, anamwahi kwa kisu. Jana tumechinja 3, nimewanyonyoa mwenyewe, mwanangu kagombania firigisi. Usiku baba watoto akaniuliza, kama si kideri, ule ugonjwa wa kuku tuliouzoea, bali ni mafua ya ndege je? Usingizi umeisha. Ile supu itatuua?

Kijana wa Zamani
Dada, kideri hicho. Mimi nimekula kuku wa kusinzia tangu darasa la 2 na bado nadunda.

Afisa Mifugo Mstaafu
Kijana, acha mzaha. Kideri kikali na mafua ya ndege, kwa macho hata mimi sivitofautishi, mpaka sampuli ipimwe maabara. Mama, supu iliyochemka vizuri isikutishe; kirusi hakivuki nyuzi joto 70. Hofu yangu ni kabla ya sufuria: kuchinja, kunyonyoa, kutoa matumbo, halafu mkono uleule unafikicha jicho. Hong Kong mwaka 1997 waliugua mafua ya ndege watu 18 wakafa 6, na uchunguzi ukaishia kwenye masoko ya kuku hai. Tena ziwa letu hili hili, Januari 2017, ndege pori walikufa Lutembe karibu na Entebbe. Ilikuwa H5N8, aina mojawapo ya mafua ya ndege. Watu hawakuugua, lakini Kenya ilizuia kuku wa Uganda. Una bata?

Mama Mitetea, Bukoba
Ninao 4, wazima kabisa. Wanashinda ziwani, jioni wanalala banda moja na kuku.

Afisa Mifugo Mstaafu
Hao wazima ndio hawanitulizi. Bata anaweza kubeba kirusi asioneshe chochote. Watenge leo. Msichinje mwingine, msiuze, mzoga usishikwe mikono mitupu. Akitokea mtu ana homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, nendeni hospitali, na mseme wazi kwamba mlishika kuku wagonjwa.

Mama Mitetea, Bukoba
Asante mzee wangu. Bwana mifugo wa kata anakuja kesho asubuhi. Mama mkwe kanuna: kuna jogoo anasinzia sasa hivi, na kisu nimekificha.