Siku 19 za likizo na nyumba ya Tanga iliyofika lenta

Shikamooni wakubwa, habari wengine.
Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Leicester, na wikiendi nabeba za ziada. Mwaka wetu wa likizo unaisha Machi, bado nina siku 19. Nyumba yangu Tanga imefika lenta, nataka kupaua. Likizo hizo siwezi kuziuza nikapata hela ya mabati?
Kijana wa Chumbageni

*

Marahaba mwanangu.
Kazi hiyo nimeifanya miaka 22. Leo nakuandikia nikiwa barazani kwangu Raskazone, hapa Tanga, upepo unapeperusha hata kitambaa cha meza.

Huwezi kuziuza. Sheria ya Uingereza inampa mfanyakazi wiki 5.6 za likizo yenye malipo, yaani siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Mwajiri haruhusiwi kukulipa fedha badala ya hizo mpaka siku unaacha kazi. Usipozichukua, mara nyingi zinapotea hivi hivi, na anayefaidi ni tajiri wako.

Halafu tafuta ile karatasi ya kukubali kufanya kazi kupita saa 48 kwa wiki. Tulio wengi tuliisaini siku ya kwanza bila kuisoma. Unaifuta kwa barua tu: taarifa ya siku saba, au zaidi kama mlivyoandikiana, ila isipite miezi mitatu.

Ama mabati, yangu yaliezekwa, kisha nyumba ikakaa miaka sita na mlinzi. Ananitumia picha, naona kanga za mkewe zimeanikwa sebuleni kwangu. Wala sikumlaumu, nyumba inataka watu. Baraza hii aliitaka marehemu mume wangu, itazame bahari. Kila mwaka tukisema mwakani. Aliikalia miezi minne.

Njoo ukae na mama yako. Asubuhi chukua baiskeli uteremke soko la samaki la Deep Sea wakati mashua zinaingia, ununue changu wako mwenyewe.
Shangazi wa Raskazone

*

Shangazi, wewe umeshajenga, ndiyo maana upepo unausikia. Mimi nasomesha wadogo watatu, na upepo haulipi ada.
Wa Ngamiani, barabara ya nane

*

Kweli baba, ada haisubiri. Lakini likizo yenye malipo ni mshahara uleule, wadogo zako hawapungukiwi kitu. Zamu za ziada ndizo unazoweza kukosa, na hizo nakuachia ukokotoe mwenyewe.
Shangazi

*

Nimeomba wiki mbili za Februari. Msimamizi kaguna, kasaini. Nimempigia mama, kaniuliza: «Umefukuzwa kazi?» Ikanichukua muda kumshawishi. Sasa anataka kujua kama bado nala samaki mwenye miba.
Kijana wa Chumbageni