Magofu ya Wamaya msituni: Tikal, El Mirador, Calakmul au Belize? Nina siku 9 na goti moja bovu

Mzee_wa_Chumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Mimi mtu wa Tanga, naishi Houston. Mwishoni mwa Februari nina likizo ya siku 9 na nimeapa sitaimalizia kwenye kochi. Mimi na mama watoto tunataka kuona magofu ya Wamaya, wale wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati, yale yaliyomezwa na msitu, tena tutembezwe na mtu anayejua anachosema. Nimebaki na njia nne: Tikal kule Guatemala, El Mirador kwa miguu, Calakmul ya Mexico, au Belize tuzunguke taratibu.

Shida ni mbili. Goti la mama watoto limeshapasuliwa; ngazi anapanda, ila kwa vituo. Na Kihispania changu ni cha kuombea maji tu. Chichén Itzá msinitajie, tulishaenda. Piramidi unaitazama kwa chini kwa sababu kupanda kumepigwa marufuku tangu 2006, na kila hatua mbili kuna mtu anakuuzia filimbi.

Kasuku_Mwekundu
Tikal nimeenda mara 2, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usilale Flores. Ni kisiwa kizuri, samaki wa ziwani wapo, lakini kutoka hapo hadi magofuni ni zaidi ya saa moja. Gari la watalii linakufikisha jua likianza kuchoma na kukuondoa kabla msitu haujachangamka tena. Kuna hoteli chache ndani ya hifadhi. Lala huko, umeme ukikatwa usiku vumilia. Saa kumi alfajiri utadhani simba wamevunja uzio. Ni kima! Mfikirie mbega anavyonguruma, halafu mwekee spika. Mke wangu alinikamata mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Kuhusu kutembezwa, mara ya kwanza niliuziwa kiongozi na wakala mmoja mjini, kumbe ni dereva aliyevaa kofia. "Hekalu la kwanza. Hekalu la pili. Piga picha." Mara ya pili nikadai kitambulisho cha INGUAT, mamlaka yao ya utalii. Huyo mzee hakuanzia kwenye piramidi, alianzia kwenye shimo. Tikal haina mto. Mji mzima uliishi kwa mvua, na viwanja vyake vimesakafiwa kwa mteremko ili maji yaingie mabwawani. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba bwawa mojawapo lilikuwa na zeolaiti, madini ya kuchujia maji, ambayo hayapatikani hapo hapo mjini. Chujio, enzi hizo!

Baadaye akatupeleka uwanja mkuu na kutupa ule ugomvi. Mwaka 562 Tikal ilipigwa, ikakaa zaidi ya miaka 100 imeinamisha kichwa. Katikati ya hapo mtu wa ukoo wao wa kifalme akajitenga, akajiunga na Calakmul, adui mkuu, akapigana na ndugu zake. Hadi 695 mfalme Jasaw Chan K'awiil alipoishinda Calakmul. Yeye ndiye aliyezikwa chini ya Hekalu la Kwanza, lile la mita 47 la kwenye kadi za posta. Ukishajua hayo unaelewa kwa nini limejengwa kwa kiburi vile.

Goti: Hekalu la Nne ndilo refu kuliko yote pale, mita 65 hivi, na linapandwa kwa ngazi za mbao zilizojengwa pembeni. Mapumziko yapo. Kwenda kuona mapambazuko huko juu kunalipiwa zaidi, na ukungu mara nyingi unalimeza jua. Mimi sikuliona hata siku moja.

Halafu mtafute msufi mkubwa wa njiani. Msufi huu huu wa mito yetu ya kulalia! Kule ni mti wa taifa, na kwa Wamaya ndio unaoshikilia mbingu.

Mpagazi_Mstaafu
Nimebeba mizigo Marangu miaka 6, kwa hiyo nikisema njia ngumu sidekei. El Mirador ni siku 2 kwenda na 2 kurudi kutoka kijiji cha Carmelita, na ukiwa na akili unaongeza siku moja ya kukaa kule. Mizigo inabebwa na nyumbu (wa kubeba, siyo wa Serengeti). Wanakijiji wenyewe wana ushirika wao unaopanga safari: kiongozi, mpishi, mahema. Mvua ikiwa imenyesha, tope linakuvua kiatu. Kupe wa bure.

Malipo yake? Unapanda La Danta, mita 72 kutoka chini, kazi ya watu walioishi karne kadhaa kabla hata ya hao wafalme wa Tikal anaowasifu Kasuku. Juu pale huoni barabara wala mnara wa simu. Unaona kijani, na kwenye kijani vimesimama vilima viwili vitatu. Kiongozi wetu akanyoosha kidole: "Vile navyo siyo vilima." Mwaka 2018 walipopiga leza kutoka kwenye ndege juu ya misitu ya Petén, jimbo hilo la kaskazini mwa Guatemala, yalionekana majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti. Pale juu niliamini.

Babu yake kiongozi alikuwa mgema wa chikle, utomvu uliokuwa ukitengenezewa bigijii. Carmelita yenyewe ilianza kama kambi ya wagema hao, na vijia vyao ndivyo vinavyotumika na watalii leo. Jioni kwenye moto alituonyesha makovu ya panga kwenye mti, yamepanda kama herufi V juu ya V. Hicho ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko piramidi.

Sasa jibu lako, Mzee: usimpeleke mama. Kuna wanaokwenda kwa helikopta, hiyo ongea na benki yako.

Kibuyu_Tupu
Goti bovu + El Mirador = talaka.

Nahodha_Kipara
Naona Tikal imeshapambwa kama bibi harusi. Nilifanya kazi Campeche, jimbo la Mexico lenye Calakmul, miaka 2, acheni niitetee.

Ukiacha barabara kuu unaingia msituni kilomita kama 60 kwa kanjia ka lami, na batamzinga wenye manyoya ya tausi wanakuvukia mbele bila haraka. Siku niliyoenda watu hatukuzidi 30 eneo zima. Jengo la Pili lina mita 45 hivi, lakini upana wake ndio unaokunyamazisha. UNESCO waliuorodhesha mji 2002, na 2014 wakaongeza na msitu wenyewe. Jioni, karibu na barabara kuu, kuna pango wanakotoka popo mamilioni kama moshi wa tanuri. Kasuku, Tikal mna hiyo?

Nisifiche upungufu. Mawe ya maandishi yapo zaidi ya 100, ila chokaa yake ni laini, mvua imeyala, kwa hiyo bila kiongozi unatazama vibao vitupu. Na viongozi wengi niliokutana nao ni Kihispania mwanzo mwisho. Kwa anayeombea maji tu, hapo pana kazi. Faida moja: kama una ukaazi wa kudumu wa Marekani, Mexico unaingia bila visa.

Kasuku_Mwekundu
Popo nakuachia, Nahodha. Lakini 695 ilikuwa 695.

Nahodha_Kipara
Na 562 je? 😂

Mwanafunzi_wa_Usiku
Mbona Palenque, mji mwingine wa Wamaya kule Mexico, hamuigusi? Kaburi la mfalme Pakal, aliyetawala kuanzia 615 hadi 683, likafukuliwa 1952 chini ya ngazi za hekalu!

Nahodha_Kipara
Palenque kwa uchongaji haina mpinzani, ila ngazi za kushukia kaburini zimefungwa kwa watalii, na kutoka huko hadi Petén ni safari ya peke yake. Kwa siku 9 achague moja.

MamaZai
Baba Chumbageni, Belize lugha rasmi ni Kiingereza. Kiongozi anachekesha na wewe unacheka muda ule ule, si baada ya kutafsiriwa. Viongozi ni lazima wawe na leseni ya serikali.

Kaeni San Ignacio. Magofu ya Xunantunich mimi nilivuka mto kwa pantoni ya kuzungusha kwa mkono, ilibeba hadi magari. Lamanai ndiyo ya goti: mnapanda boti kutoka Orange Walk, mnapita mamba na ndege wa kila aina, mnashukia magofuni. Caracol ni ndani zaidi, barabara ilikuwa ikitikisa figo, lakini piramidi yake ya Caana, mita 43, mpaka leo ni miongoni mwa majengo marefu kuliko yote nchini. Hata hiyo kipigo ya 562 imeandikwa kwenye jiwe la Caracol, Kasuku asijifanye hajui. Pango la Actun Tunichil Muknal msiende: kuna kuogelea na kukwea mawe. Kamera nazo zimekatazwa tangu 2012, baada ya mtalii mmoja kudondosha yake juu ya fuvu la kale.

Bei za Belize zinauma, nakwambia mapema.

Bint_Watamu
Mimi natembeza wageni kwenye magofu ya Gede, kwa hiyo nawaangalia viongozi wenzangu kwa jicho la kazi. Popote utakapokwenda, siku ya kwanza muulize kiongozi: chokaa walipata wapi? Sisi pwani tulichoma matumbawe kwa kuni, wao walichoma mawe ya chokaa kwa kuni, na kuta na sakafu zao zote zilipigwa lipu hiyo. Anayeijua kazi yake atakuonyesha walikochimba na kukuambia miti mingapi ililiwa na tanuu. Asiyejua atarudi kwenye ule uvumi wa kalenda ya Wamaya na mwisho wa dunia 2012. Huyo lipa nusu siku, muagane.

Na kadi ya homa ya manjano bebeni ikiwa mmepita nyumbani karibuni.

Mzee_wa_Chumbageni
Ahsanteni sana. Tumeamua hivi: tunashukia Belize City, boti ya Lamanai, usiku 3 San Ignacio, tunavuka mpaka wa Melchor de Mencos kwa gari, usiku 2 ndani ya hifadhi ya Tikal, tunarudi njia ile ile. Calakmul nimemwekea Nahodha ya mwakani. Mama watoto amesoma uzi wote. Anasema Hekalu la Nne atapanda, na maji nitabeba mimi.

Mpagazi_Mstaafu
Lita 3 kila mtu. Umeingia kwenye kazi yangu ya zamani.

Kasuku_Mwekundu
Pale Melchor usibadilishe pesa na wale vijana wa kwanza wanaokuja dirishani. Tembea hatua 50.