Naomba ushauri: banda la magari mawili kwenye kiwanja cha Bunju, Dar es Salaam

MwenyeMji_Bunju ameandika:

Heshima kwenu wakuu. Ninaomba ushauri kabla sijampa fundi malipo ya awali, kwa sababu kazi hii nimeiwekea akiba kwa muda mrefu na sina uwezo wa kuibomoa na kuirudia.

Kiwanja changu kina mita 20 kwa 25 na nyumba imekwisha kusimama. Geti liko upande wa magharibi, karibu na kona ya kaskazini, na kutoka getini hadi ukuta wa mbele wa nyumba kuna mita 11. Tuna Noah ya familia na Prado ya kazi, na kwa miaka minne yote mawili yamelala juani. Dashibodi ya Noah imepasuka kutoka kioo hadi usukani, na taa za mbele zimeingia ukungu wa manjano. Linaloniuma zaidi ni mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye na anatembea kwa mkongojo: kila masika yakitukuta tunarudi kliniki, yeye ndiye anayelowa.

Fundi amependekeza paa lianzie kwenye ukuta wa nyumba, mbele ya dirisha la chumba cha mama, na lishuke hadi kwenye nguzo tatu za bomba la inchi mbili. Eneo ni mita 5 kwa 5, bati geji 32. Anasema ukuta utatuokolea gharama ya nguzo upande mmoja. Karo la maji machafu liko hapo hapo, lakini kwa maelezo yake mfuniko ni imara. Je, vipimo hivi vinatosha, na ni sahihi kuegemeza paa ukutani? Na kwa sisi tulio karibu na bahari, bati lipi linafaa? Nawasilisha.

Msanifu_Tegeta amejibu:

Ndugu yangu, ninakushukuru kwa kuuliza mapema. Nitaanza na karo, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Mfuniko wa karo la nyumbani kwa kawaida humwagwa ili ubebe watu wanaopita na udongo kidogo, si gari la zaidi ya tani mbili linalopanda mahali pale pale kila siku. Zege la mfuniko huo pia huliwa taratibu na gesi zinazopanda kutoka ndani, na nondo zake huoza kwa chini ambako hakuna anayeziona. Tafadhali usiegeshe gari hapo, hata kwa muda. Isitoshe, siku ya kunyonya karo utalazimika kuondoa magari yote ili lori liufikie mfuniko.

Jambo la pili ni dirisha la mama. Gari likiwashwa asubuhi na kuachwa lipate moto, moshi wake utaingia moja kwa moja chumbani, na ndani ya moshi huo mna kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mzee aliyelala hatatambua lolote. Sababu hii peke yake ingenitosha kulihamisha banda.

Kwa maelezo yako, mahali pazuri ni mbele ya geti lenyewe, kando ya uzio wa kaskazini, na banda lisimame kwa nguzo zake bila kuugusa ukuta wa nyumba. Gari litaingia moja kwa moja likielekea mashariki. Jua la adhuhuri huzuiwa na paa lolote. Linalotesa magari ni la alasiri. Inapofika saa kumi, jua limeinama kiasi kwamba chini ya ukingo wa paa wenye kimo cha mita 2.5 linapenya mita tatu na zaidi. Gari likiwa limelaza ubavu magharibi, ubavu wote huchomwa ingawa liko chini ya paa. Likikaa kama ninavyokueleza, jua hilo litagusa nyuma tu, na dashibodi itakuwa imeelekea nyumba yenu, ambayo itaikinga pia na jua la asubuhi. Ukingo wa magharibi uzidishe walau sentimita 80.

Sasa vipimo. Mita 5 kwa magari mawili ni chache mno. Prado peke yake ina upana unaokaribia mita 1.9 bila vioo vya pembeni, na mlango ukifunguliwa wazi huomba karibu mita moja. Tenga upana wa mita 6 hadi 6.5. Kwa urefu, kumbuka kwamba mlango wa nyuma wa Prado hufunguka kwa kando, kwa hiyo anayepakia mizigo anahitaji nafasi ya kusimama nyuma ya gari. Mita 6.2 zitatosha. Kimo cha upande wa chini kiwe mita 2.4, ili hata mzigo wa juu ya gari upite. Wengi hupandisha paa hadi mita 3.5 kwa ajili ya kupendeza, kisha mvua ya upepo ikaingia kana kwamba paa halipo.

Kabla ya kuchimba chochote, chukua majivu, chora banda lote chini, weka matofali mahali pa nguzo, na muyaegeshe magari humo kwa siku chache. Fungueni milango yote. Hakuna mchoro wangu utakaokuonyesha mengi kuliko zoezi hilo. Kibali nacho ufuatilie halmashauri kabla ya kuanza, hasa kwa kuwa unajenga karibu na mpaka.

Mchomeleaji_Tanga amejibu:

Mkuu, msanifu ameeleza vizuri, nami nitabaki kwenye chuma na upepo kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Watu hufikiri nguzo za banda zipo ili paa lisianguke. Kwa banda lililo wazi pande zote, hofu kubwa ni paa kuruka. Upepo wa kilomita 90 kwa saa husukuma kwa takriban kilo 39 kila mita ya mraba, na banda lako likihesabiwa pamoja na kingo zake litakuwa na mita za mraba karibu 49. Hizo ni kilo 1,900 zinazolivuta juu, wakati bati na kenchi zake pengine hazifiki theluthi ya uzito huo. Kinacholishika ni zege lililo chini ya nguzo. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina cha sentimita 80, likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 690. Nguzo sita za namna hiyo zinakupa zaidi ya tani nne, na hapo unaweza kulala kusi likivuma.

Bomba la inchi mbili ni la mabanda ya kuku. Tumia bomba la mraba la milimita 100 lenye unene wa milimita 3, na kenchi tatu nyepesi za chuma zivuke upana wote ili pasiwe na nguzo katikati ya magari. Tena nguzo isizikwe kwenye zege. Huku kwetu pwani bomba lililozikwa huoza mahali pamoja, pale linapotokea sakafuni, kwa sababu maji ya kuosha gari na chumvi hutuama hapo. Mwaka jana nilibadilisha nguzo ambayo rangi yake ilikuwa bado inang'aa. Nilipoigonga na nyundo chini kabisa, nyundo iliingia ndani. Inua kisiki cha zege sentimita 15 juu ya sakafu, weka bamba la chuma lenye boliti nne, kisha nguzo isimame juu yake. Juu ya nguzo ziba kabisa, maji yasiingie ndani ya bomba.

Kuhusu bati, kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo geji 32 iache. Chukua geji 28 yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, rangi iwe nyeupe au ya maziwa, maana bati jeusi litashusha joto juu ya magari mchana kutwa. Misumari ya bati usiiruhusu. Agiza skrubu zenye mpira.

BiMtwapa amejibu:

Salamu kutoka Mtwapa. Ndugu zangu wamemaliza mengi, mimi ninaongeza la maji. Banda letu tulilielekeza kwa jirani, na mvua ya kwanza ikabomoa kitalu chake cha mchicha. Tuligombana na watu tuliokuwa tukila nao Idi. Ikabidi mabati yashushwe, mteremko ugeuzwe, na fundi alipwe mara ya pili.

Wewe elekeza mteremko kusini, ndani ya kiwanja chako, kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita. Upande wa chini ukiwa kusini utazuia pia mvua ya masika inayoletwa na kusi. Weka gata na tangi, kwani mvua ya milimita 20 tu juu ya paa la mita za mraba 49 ni karibu lita 1,000 za maji ya kufulia na kumwagilia. Sakafu nayo iwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, usiwe kuelekea barazani kwa mama.

MwenyeMji_Bunju amejibu:

Nimefarijika sana, wakuu. Jumamosi tulimwaga majivu kama nilivyoelekezwa, na tukapata jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Noah tuliiweka upande wa kaskazini, kwa kuwa mlango wake wa abiria husukumwa nyuma badala ya kufunguka nje. Mama akashuka, akatanguliza mkongojo, na mkongojo ukagonga tofali: nguzo ya kati ya safu ya kaskazini ilikuwa imeangukia pale pale anapotua mguu. Tumeirudisha nyuma hadi mita 4.3 kutoka mbele, na kati ya gari na uzio tumeacha njia ya mita 1.2 itakayokuwa chini ya paa hadi barazani. Alirudia kushuka mara tatu, mara ya mwisho bila kushikwa mkono.

Upana sasa ni mita 6.5, na karo limebaki nje kabisa. Swali langu la mwisho ni kwa mkuu wa Tanga: nikinunua mabomba yaliyopakwa zinki, nitahitaji rangi tena?

Mchomeleaji_Tanga amejibu:

Utahitaji, hasa kwenye maungio, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki na kuacha chuma kitupu. Kila ungio lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya zinki siku hiyo hiyo, kisha rangi ya juu mikono miwili. Fundi akwangue zinki kabla ya kuchomelea na afanyie kazi mahali penye hewa, kwani moshi wake mweupe huleta homa. Zege la visiki lipe siku saba za kumwagiwa maji kabla ya kusimamisha nguzo, na fundi asikuharakishe katika hilo.