Kocha wa ridhaa: mtoto akiumia mazoezini, nani anawajibika?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kocha anajitolea tu, halipwi, anafundisha watoto wa miaka 12 hadi 14. Mmoja akiumia vibaya, mzazi anaweza kumshtaki kocha binafsi? Na ile fomu ya "sitadai chochote" ina nguvu?

Jibu 1
Anaweza, kutolipwa si kinga. Ila kuumia pekee si uzembe. Watoto wawili wamegombea mpira kihalali, mguu ukavunjika: hapo kesi hakuna. Kinachombana kocha ni hatari aliyopaswa kuiona mapema, mfano goli la kuhamishika lisilofungwa chini, au mtoto wa kilo 35 kupambanishwa na wa kilo 60. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilithibitisha dhima ya mwamuzi wa ridhaa wa raga huko Wales: aliacha skramu za kusukumana (timu mbili zikifungana na kusukumana kugombea mpira) ziendelee huku mstari wa mbele una mchezaji asiyezoea nafasi hiyo, na mwenzake wa mstari huohuo akaumia vibaya. Kwa kocha, hoja ni ileile.

Marekani sheria ya 1997 inawakinga wanaojitolea kwenye taasisi zisizo za faida, lakini si kwa uzembe uliokithiri, wala madhara waliyosababisha wakiendesha gari. Anayebeba timu kwa gari lake aangalie hapo.

Jibu 2
Fomu inaonyesha mzazi alielezwa hatari za kawaida za mchezo. Kwa England uzembe haiufuti, na haki ya kudai ni ya mtoto mwenyewe. Huko muda wa miaka 3 wa kufungua madai huanza kuhesabiwa akifikisha 18, kwa hiyo usitupe kumbukumbu.

Makocha wengi hukamatika kwenye majeraha ya kichwa. Mtoto kagongwa, ana kizunguzungu, anatapika au hakumbuki matokeo: anatoka, na siku hiyo harudi uwanjani hata akiapa yuko sawa. Asiachwe peke yake, mzazi aambiwe palepale. Kisha andika siku hiyohiyo: saa, zoezi, mashahidi, huduma aliyopewa. Andika ulichokiona, "aligonga nguzo ya kushoto saa 11:20 jioni", siyo "alikuwa mtundu".

Muuliza swali
Shukrani. Klabu inasema bima ipo, inatosha?

Jibu 1
Bima gani, mkuu? Ya ajali humlipa aliyeumia. Ya dhima ndiyo inayolipa wakili na fidia kocha akishtakiwa. Omba nakala, uangalie kama wanaojitolea wametajwa na kama mazoezi yamo, siyo mechi tu.