Tumepigwa mchana kweupe: "Pwani yote ya Amalfi kwa siku moja" kutoka Roma

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika hasira ikiwa bado ya moto. Kama una mzazi, au kikundi cha parokia chenu kinajiandaa kwenda Italia, soma uzi huu kabla hujaingiza namba za kadi yako kwenye tovuti yoyote inayouza safari ya siku moja ya pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, kwa kuondokea Roma.

Ilikuwa mwezi wa tisa 2025. Mama alikwenda Roma na mahujaji wa Mwaka wa Jubilei, yeye na mama mdogo, na mimi nikawasindikiza. Wakapita Milango Mitakatifu yote minne ya basilika kuu za Roma, wakasali, wakafurahi. Ratiba ya kundi ilipoisha tukabaki na siku moja ya wazi, na Mama alikuwa na ombi moja tu: kufika Amalfi kwenye kaburi la Mtakatifu Andrea Mtume. Kigango chao kule Songea kinaitwa kwa jina la Andrea. Jumuiya yake ilimwandikia majina ya wagonjwa na marehemu kwenye karatasi ya daftari, kaikunja mara nne na kuiweka ndani ya kitabu cha sala, akasome mbele ya yule Mtume. Masalia yake yaliletwa Amalfi kutoka Konstantinopoli mwaka 1208 na Kardinali Pietro Capuano, mzaliwa wa huko huko, na yako kwenye kanisa la chini ya ardhi la kanisa kuu. Kwa Mama hiyo haikuwa safari ya kupiga picha.

Sasa sikilizeni tangazo lilivyosema. Miji minne ya huko: Positano, Amalfi, Ravello na Vietri. Mwongoza watalii mwenye leseni. Boti kutoka Positano hadi Amalfi. Chakula cha mchana ndani ya bei. Inafaa umri wote. Euro 129 kwa kichwa, tuko watatu, piga hesabu: zaidi ya milioni moja ya shilingi. Na kabla ya kulipa niliwaandikia kwamba nina mama wa zaidi ya miaka 70 mwenye magoti mabovu na kwamba lengo letu ni kanisa kuu la Amalfi. Jibu lao ninalo hadi leo: hakuna shida, muda upo wa kutosha, kutembea ni kidogo.

Tuliambiwa tuwe kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi limeondoka karibu saa moja na nusu kwa sababu lilizunguka hoteli kuokota wengine. Hilo nalipita.

Tukashika barabara kuu ya A1 kuelekea kusini. Yule kijana wa kampuni, mwenye bendera ndogo mkononi, alitusalimia, akatugawia vifaa vya masikioni, akakaa kiti cha mbele akawa anachezea simu. Tumefika Cassino, abasia ya Monte Cassino inaonekana kabisa juu ya mlima ukiwa barabarani. Abasia ya Mtakatifu Benedikto mwenyewe! Iliyobomolewa kwa mabomu ya majeshi ya Washirika kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Februari 1944, ikajengwa upya. Mama kazaliwa na kukulia kwenye mji wa watawa wa Kibenediktini, Peramiho, kabatizwa nao, kasomeshwa nao. Mimi ndiye niliyemwonyesha dirishani, tena basi likiwa limeshaanza kuipita. Yule kijana hakutamka neno. Ndani ya vile vifaa kulikuwa na sauti iliyorekodiwa inayoanza kuzungumza tukishafika Naples, basi.

Karibu na Sorrento basi likakata kona tukashushwa dukani. Ndiyo, dukani. Watu wamesafiri zaidi ya saa tatu, bahari hawajaigusa, wanaingizwa kwenye ukumbi wa kuonjeshwa limoncello, ile pombe ya maganda ya limau, halafu wanapitishwa kwenye masanduku ya mbao za nakshi na mikoba ya ngozi, na mlango wa kutokea uko upande wa pili wa kaunta za malipo. Mama hanywi pombe. Akatafuta kiti, hakuna. Tulikaa humo karibu saa nzima na kijana wetu alikuwa anakunywa kahawa na wenye duka kwa bashasha ya watu wanaofahamiana siku nyingi. Kwenye tangazo duka halikutajwa popote.

Positano. Anayeijua anajua: mji umeshikilia ukuta wa mlima, na basi kubwa haliingii ndani. Linakuacha barabara ya juu, na ufukwe wa Spiaggia Grande uko chini kabisa, ngazi juu ya ngazi. Tukaambiwa tuna saa moja, tushuke wenyewe, tukutane hapo hapo juu. Mama alishuka ngazi chache, akashika ukuta, akasema mwanangu nyie nendeni. Baadaye, nikiwa nimeshapanda, nikaona kibasi kidogo cha mji kinachozunguka ndani ya Positano kikipita pale pale tulipoachwa, kinashusha wazee na vikapu vyao karibu na kanisa la Santa Maria Assunta. Kibasi cha nauli ndogo tu! Kijana anayekuja hapo kila siku hakuona umuhimu wa kumwambia mama wa miaka 70 na kitu kwamba kipo.

Na hapa ndipo nilipochemka. Nilishuka mbio hadi gatini kuulizia boti yetu. Kijana akasema bahari imechafuka, boti zimefutwa leo, tutakwenda kwa basi. Nikageuka nikatazama. Kivuko kilikuwa kimefunga kamba pale pale mbele yetu, watu wanashuka na masanduku, watoto wanashuka, na foleni ya wanaopanda kwenda Amalfi imefika kwenye viti vya mgahawa. Maji yametulia, vikombe kwenye meza za gatini havitikisiki. Nimechukua video, ina saa na tarehe. Nilipomwonyesha akasema hizo ni boti za umma, yetu ilikuwa ya kampuni. Sawa, basi tukatie tiketi za boti ya umma. Akasema hana idhini. Fedha ya boti tuliyolipa imekwenda wapi? Hakujibu, akainua bendera.

Chakula cha mchana: sahani ya tambi, maji, na juu yake bili ya euro 3 kila mtu ya kukalia meza. Italia wanatoza hiyo, inaitwa coperto, ni halali ikiandikwa kwenye orodha ya bei. Lakini ukiniambia chakula kiko ndani ya bei, meza nayo iwe ndani ya bei.

Kutoka Positano hadi Amalfi ni kilomita kama 17 kwa barabara ya SS163. Nataka niielezee hii barabara kwa sababu ndiyo kisingizio walichotumia kwa kila kitu. Ilikatwa kwenye mwamba karne ya 19 enzi za wafalme wa ukoo wa Bourbon waliotawala kusini mwa Italia, magari ya farasi ndiyo yalikuwepo. Leo mabasi mawili yakikutana kwenye kona, moja linarudi nyuma, pikipiki zinapenya katikati, na wote wanasubiri. Msimu wa watalii, siku zenye msongamano, hata magari madogo ya wageni yanawekewa zamu, namba shufwa siku moja na witiri siku nyingine, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Pwani hii iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997, dunia nzima inakuja. Foleni ya SS163 mwezi wa tisa haimshtui mtu yeyote anayefanya hii biashara. Huwezi kuniambia "tumepata foleni isiyotarajiwa".

Tumefika Amalfi saa kumi kasorobo. Kijana akatangaza: saa kumi na nusu kamili basi linaondoka. Dakika arobaini na tano kwenye mji uliotutoa Roma!

Tukaenda moja kwa moja. Kanisa kuu la Sant'Andrea liko juu ya ngazi 62, na Mama alizipanda zote, ngazi moja moja, mimi mkono huu na mama mdogo mkono ule, akipumzika na kupanda tena. Juu kuna milango ya shaba iliyosubuliwa Konstantinopoli karne ya 11. Mgeni anaingilia pembeni, kwenye ua wa karne ya 13 unaoitwa Chiostro del Paradiso, unakata tiketi, unapita jumba la makumbusho, ndipo unateremka kaburini. Foleni ya tiketi ilikuwepo. Nikamwomba yule kijana aseme na watu wa mlangoni kwamba tuna mzee na muda mfupi. Akaniambia kwa mdomo wake kwamba yeye haruhusiwi kutoa maelezo mle ndani kwa sababu si mwongoza watalii, ni msindikizaji. Italia hizo ni kazi mbili tofauti kisheria. Mwongoza watalii anafanya mtihani na anaandikishwa kwenye orodha ya taifa, na Sheria namba 190 ya mwaka 2023 imelinyoosha hilo upya. Kwa hiyo ile "leseni" ya kwenye tangazo haikuwepo tangu asubuhi. Tumelipia mtu ambaye hakuwa ndani ya basi.

Tulikuwa tumebakiza watu wachache mbele yetu alipokuja kutuambia muda umekwisha, basi haliruhusiwi kusubiri, anayebaki ajitafutie njia ya kurudi Roma. Mama akatoa ile karatasi, akaanza kusoma majina ya jumuiya pale pale uani, kwa sauti ya chini, haraka haraka, huku anavutwa mkono. Hakuyamaliza.

Nimeona wazazi wangu wakivumilia mengi. Hili la mtu kukatishwa sala iliyomtoa Songea, ili basi liwahi ratiba iliyoliwa na duka la limoncello, siwezi kulinyamazia.

Ravello? Iko juu mlimani, barabara yake inapanda pembeni baada ya mji mdogo wa Atrani. Tuliona kibao. Vietri tumeipita kwenye kioo, maduka ya vyungu vya rangi yanakimbia dirishani. Roma tumeingia karibu saa nne usiku.

Sasa kuhusu kisingizio chao cha pili, saa za dereva. Dereva simlaumu hata kidogo, alituvusha zile kona salama na Mama alimshukuru kwa mikono miwili. Kanuni za Umoja wa Ulaya, namba 561 ya 2006, zinamtaka apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asizidishe saa tisa kwa siku. Kanuni nzuri, inaokoa roho za watu. Lakini piga hesabu: Roma hadi Positano ni kama saa nne, kurudi Roma kutoka Amalfi saa nne nyingine, na katikati kuna foleni ya SS163. Saa tisa zimekwisha hapo. Ravello, Vietri na kukaa Amalfi kwa nafasi havikuwa na pa kuingia kwenye siku hiyo, na walioandika tangazo wanaijua hesabu hii kuliko mimi. Waliuza kitu walichojua hakiwezekani. Hapo ndipo lilipo kosa lote.

Kuhusu kurudishiwa fedha, tunapigwa danadana. Tovuti inasema mwone mwendeshaji wa safari, mwendeshaji anasema mwone aliyekuuzia. Wote wawili wamenitumia sentensi ile ile kwamba programu inaweza kubadilika kulingana na hali. Hali gani? Video ninayo.

Nimesoma sheria zao kwa sababu wanategemea hatuzijui. Ulinzi wa Ulaya wa safari za vifurushi, ule wa mwaka 2015, haugusi safari ya chini ya saa 24 isiyo na malazi. Haki ya kughairi ndani ya siku 14 nayo haihusu burudani iliyopangiwa tarehe. Ndiyo maana biashara hii imejaa safari za siku moja. Kinachobaki ni mawili: kudai benki irudishe muamala kwa sababu huduma haikutolewa kama ilivyoelezwa, na kulalamika kwa mamlaka ya ushindani ya Italia, AGCM, ambayo inashughulikia matangazo ya kupotosha. Yote mawili nimeyaanza.

Nyongeza kwa wanaoniuliza pembeni wafanyeje: achana na basi la kutoka Roma. Panda treni ya moja kwa moja Roma hadi Salerno, ziendazo kasi ni kama saa mbili. Kutoka hapo kuna vivuko vya umma kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, Amalfi ni kama dakika 35, nauli kama euro 10, na unashukia gatini, kanisa kuu liko mwendo mfupi usio na kilima mpaka ufike ngazi zake. Ukiwa na mzee lala usiku mmoja Salerno. Positano mpe siku yake nyingine au iache.

Ninachoomba kwenu: kuna yeyote aliyewahi kudai muamala urudishwe na benki ya Tanzania kwa huduma iliyofanyika Ulaya? Wameniomba "uthibitisho kutoka kwa mtoa huduma kwamba huduma haikutolewa", yaani niende kwa aliyenidhulumu anipe barua ya kujishtaki. Video, tangazo nililolihifadhi, na lile jibu lao la maandishi vinatosha au kuna fomu nyingine? Na kama ulikuwa kwenye basi lile, mwezi wa tisa, na ulikiona kile kivuko gatini, niandikie. Nataka tuwe wengi kwenye malalamiko ya AGCM.

Jina la kampuni silitaji hapa wakati madai yako mezani.