Walimu wenzangu naomba uzoefu: mfumo wa tabia njema shule nzima, darasa lina watoto 118, tunauanzaje?

Ticha wa Buza

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa nidhamu shule moja ya msingi ya serikali huku Temeke, siitaji jina maana humu ndani najua kuna maafisa elimu kata wanasoma kimya kimya. Tuna shifti mbili, asubuhi na mchana, la tano langu lina watoto 118 na madawati ndo hivyo tena, wanakaa wanne wanne.

Sasa mwalimu mkuu wetu alienda semina akarudi na moto, anasema tunaanza mfumo wa kujenga tabia njema shule nzima, yaani badala ya kumvizia mtoto akosee umchape mnamfundisha ile tabia mnayoitaka na akiifanya mnamwonyesha kwamba mmemwona. Kwenye kikao kila mtu akaitikia sawa madam (vikao vyetu mnavijua, saa nane mchana watu wana njaa, kila kitu kinapita). Tukaandika sheria 14 kwenye manila tukabandika kila darasa, USIPIGE KELELE, USICHELEWE, USITUPE TAKA, USIPIGANE, mpaka ya 14 ambayo hata mimi siikumbuki. Na kwa hela yangu mwenyewe nikanunua pakiti mbili za pipi za kuwapa wanaofanya vizuri.

Wiki ya kwanza raha tupu, uwanja unang'aa. Wiki ya tatu namwambia mtoto okota hiyo karatasi, ananiuliza "mwalimu leo pipi zipo?" Nikamwambia hazipo. Akaniangalia mimi, akaiangalia karatasi, akapita zake. Aisee nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyepigwa shoti.

Na huku ofisini kuna wenzangu watatu wanne fimbo zao ziko palepale juu ya kabati, mimi nasifia huku wao wanachapa kule, watoto wanatucheka tu. Kuna mtu huu mfumo umewahi kumkubali kwa shule zetu hizi au ni mambo ya Ulaya? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Chaki

Mkuu acha kujichosha. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto 118 uwabembeleze kwa pipi utafilisika na mshahara wenyewe ndo huu. Sisi tumechapwa na tumekuwa watu. Nina miaka 22 kazini, fimbo moja paredi asubuhi shule nzima inanyooka mpaka jioni.

Mnasihi Tmk

Mzee wa Chaki shikamoo. Tumechapwa wote baba, ila kuna tuliokuwa nao darasani wakaacha shule kwa kuziogopa hizohizo bakora, hao hawapo humu kuja kuchangia.

Ticha, mimi nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha shule yetu ilipojaribu kitu kama hicho, na mwaka wa kwanza tulifeli kama nyie tena vibaya zaidi, kwa hiyo nakwambia nilichoona kwa macho. Kwanza jua chanzo chake. Huu mfumo umekuzwa Marekani, chuo kikuu cha Oregon, na akina Rob Horner na George Sugai, ukapata nguvu miaka ya 1990 mwishoni baada ya sheria yao ya elimu maalumu kurekebishwa 1997, wenyewe wanauita PBIS, kifupi cha Kiingereza cha Positive Behavioral Interventions and Supports. Kwenye maelezo yao pipi siyo msingi kabisa. Msingi ni kwamba tabia inafundishwa kama unavyofundisha kugawanya kwa njia ndefu, mtoto akikosea kugawanya humchapi unamrudisha ubaoni (haya najua wapo wanaochapa hata kwa hesabu, tuyaache).

Hizo sheria 14 bandua kesho. Wanasema matarajio matatu mpaka matano basi, na yasemwe kwa upande wa kutenda, siyo usi usi usi. Sisi tulibaki na matatu, TUNAHESHIMU, TUNAWAHI, TUNATUNZA. Halafu kazi yenyewe ndo inaanzia hapo, mnakaa mnajiulizana, kuheshimu ukiwa chooni ni nini? Ni kugonga mlango kwanza, kumwaga maji ukimaliza, kutochungulia. Kuheshimu bombani ni nini? Kwenye foleni ya uji? Mtakuta walimu wenyewe hamkubaliani, mmoja kwake kumwangalia mwalimu machoni ni heshima mwingine anaona ni ujeuri, na mtoto ndo kila siku anakula kiboko katikati ya hiyo kutokuelewana kwenu.

Pili, daftari. Hapa ndo penye uchawi wote na hapa ndo watu wanaparuka. Chukua kaunta buku moja weka ofisi ya walimu, chora mistari, saa ngapi, wapi, darasa gani, kilitokea nini, na kabla ya hapo kulikuwa na nini. Usiweke jina la mwalimu aliyekuwepo maana wataogopa kuandika. Sisi tuliandika wiki mbili tu. Kabla ya hapo ungemuuliza mwalimu yeyote angekwambia tatizo la shule hii ni vijana wa la saba. Daftari likasema vingine, ugomvi mwingi ulikuwa bombani, kati ya saa sita na nusu na saa saba, wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, bomba zinazotoa maji ni mbili, mamia ya watoto wana kiu, na mwalimu wa zamu muda huo anakula wali maharage ofisini. Nani mkorofi hapo? Hata sisi watu wazima tuweke foleni hiyo tutapigana.

Tulichofanya, mwalimu wa zamu akahamishiwa muda wake wa kula, tukapaka nyayo kwenye sementi kuanzia bombani kuja nyuma, kila mtoto anasimama kwenye nyayo zake. Halafu tukawafundisha, darasa kwa darasa, kwa kufanya kweli. Mwalimu mmoja wa kiume mtu mzima akaigiza mtoto anayechomekea foleni, anasukuma, analia kiu, watoto walicheka mpaka wakakaa chini, ila kuanzia siku hiyo mtu akichomekea wanamwita jina la yule mwalimu. Ugomvi haukuisha, nisikudanganye. Ulipungua mpaka tukaweza kuona watoto ambao kweli wana shida.

Na hilo ndo la tatu. Wao wanapanga ngazi tatu, wanakadiria kama asilimia 80 ya watoto wanatosheka na haya ya wote, kama 15 wanahitaji cha ziada kidogo, na 5 hivi wanahitaji mtu wa kukaa nao kabisa. Ni makadirio siyo msahafu. Kwa wale wa katikati tulifanya kadi, mtoto asubuhi anampitia mwalimu wake mmoja anasalimia anachukua kadi, kila kipindi mwalimu anaweka alama, kabla ya kutoka anairudisha wanahesabu pamoja, nyumbani inasainiwa. Dakika mbili asubuhi mbili jioni. Nilikuwa na kijana mmoja wa la tano kila kipindi cha hisabati anazua, anagonga dawati, anamtania mwenzie, mwalimu anamtoa nje anaenda kukaa chini ya mwembe. Kila siku mwembe. Daftari likaonyesha anazua hisabati TU. Nikamfuata pale chini nikamuuliza sita mara saba, kimya. Hajui tebo hata moja. Sasa wewe ukimtoa nje umemwadhibu au umemlipa?

Mama Wawili wa Mbagala

Samahanini walimu mimi si mwalimu ni mzazi tu nimeona mada nikaona nichangie. Mwanangu yuko la sita, anachapwa kwa kuchelewa wiki mara mbili mara tatu. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri jamani, anasimama kituoni makonda wanamwacha kwa kuwa ni mwanafunzi nauli yake ndogo, mimi nimesimama nae nimeona kwa macho yangu konda anaziba mlango kwa mkono anasema wanafunzi wawili tu wawili tu. Akifika shule viboko. Sasa hiyo fimbo inamfundisha nini, apae?

Halafu lingine, karatasi ya shule ikija kwangu ni mambo mawili, mchango au kosa. Miaka sita. Sijawahi kuitwa shule nikaambiwa mama fulani mwanao jana kafanya jambo zuri. Kwa hiyo mkituita kikao tunaogopa, hatuji, halafu mnasema wazazi wa Mbagala hawana ushirikiano.

Mzee wa Chaki

Mama hapo kwenye daladala nakuunga mkono. Lakini walimu wa sasa mnaogopa watoto, ndo ukweli.

Mwl wa Kigamboni

Niongezee kidogo upande wa sheria maana naona watu wanajisahau. Kwa bara viboko havijafutwa mashuleni, hilo ni kweli, ila kanuni za 2002 zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 haziruhusu kila mwalimu abebe fimbo kama simu. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi, ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na inaandikwa kwenye kitabu mkuu anasaini. Hebu nenda kaulize hicho kitabu shuleni kwako kiko wapi. Kwa hiyo Ticha hao wenzako wenye fimbo juu ya kabati huna haja ya kugombana nao kwa falsafa, mwambie madam akumbushe kanuni tu, kuchapa kwa kuchelewa au kwa kukosa hesabu haimo. Ukiwaambia "acheni kuchapa" watakuona mzungu, ukiwaambia "andika kwenye kitabu kila ukichapa" fimbo zenyewe zitapungua, karatasi inachosha kuliko mkono.

Na usiamini kila semina. Kulikuwa na mradi kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Kigoma, walimu walikuwa wanakutana kwenye vikundi vyao kujifunza kutuliza hasira na kuendesha darasa bila kupiga. Ukapimwa vizuri, majibu yakatoka 2021, kupiga hakukupungua. Wakati Uganda wilaya ya Luwero, shule 42 zilipimwa na programu ya shirika la Raising Voices ambayo ilimgusa mkuu wa shule, walimu, wanafunzi wenyewe na wazazi kwa mwaka na nusu, hatari ya mtoto kupigwa na mwalimu ndani ya wiki ikashuka kwa asilimia 42. Ni programu mbili tofauti na mazingira tofauti, ila mimi nikizitazama naona mwalimu mmoja mmoja kubadilika peke yake katikati ya shule ileile ni ngumu sana. Wewe na pipi zako ulikuwa Nyarugusu ya mtu mmoja.

Ticha wa Buza

Hahaha Nyarugusu ya mtu mmoja, umenimaliza mkuu.

Mnasihi asante sana aisee, la kijana wa mwembe limenichoma kwa sababu ninaye wa hivyohivyo ila wangu ni kipindi cha Kiingereza, na mimi ndo namtoa nje. Maswali mawili tu nikuchoshe. Pipi zikitoka niweke nini? Na darasa la 118 unasifiaje, si kipindi kitaisha nasema hongera?

Mnasihi Tmk

Usisifie kwa "hongera" tupu, taja kitu. "Zuhura umemsogezea mwenzio dawati bila kuambiwa, hiyo ndo tunaheshimu." Ukimtaja mmoja hivyo kwa sauti, wanne wa jirani nao wanajikunyata vizuri, umesifia watano kwa pumzi moja. Hao wa PBIS wanashauri sifa nne au tano kwa kila karipio moja. Jaribu kujihesabu kipindi kimoja, weka maharage mfuko wa kushoto, kila ukisifia hamisha moja kulia. Mimi siku ya kwanza nilihamisha mbili, na moja nilidanganya.

Zawadi tafuta zisizo na bei. Sisi kengele ni ringi ya gari imening'inizwa mtini, mtoto aliyepata kadi nyingi za pongezi (siyo ile kadi ya alama) wiki hiyo ndo anaipiga Jumatatu asubuhi. Hujaona watoto wanavyoigombania ringi! Na kadi moja ya pongezi kwa wiki iende nyumbani, Mama Wawili hapo juu ameshakwambia kwa nini. Ila usije ukamnyang'anya mtoto kadi aliyokwisha kuipata kwa kuwa leo kakosea, hapo utaua kila kitu, ni sawa na wakukate mshahara wa mwezi uliopita.

Ticha wa Buza

Nimeelewa. Madam kanipa dakika kumi kikao cha Ijumaa, nimemwomba iwe asubuhi kabla ya njaa. Naenda na kaunta buku tu, sisemi kitu kuhusu fimbo, nasema tuandike wiki mbili tuone. Manila ya sheria 14 nimeshaibandua darasani kwangu, kumbe nyuma yake watoto walikuwa wanaficha maganda ya ubuyu.

Mzee wa Chaki

Mnasihi hizo nyayo za bombani mlipaka rangi gani? Nauliza tu. Nina kopo limebaki nilipopaka geti, na sisi pale bombani kwetu ni vita.

Mnasihi Tmk

Ya mafuta mzee wangu. Ya maji tulianza nayo, wiki haikuisha ikaondoka na kandambili zao. Na zipishane mbalimbali kidogo, sisi za kwanza tulizibananisha wakawa wanakanyagana.