Kocha ajaye wa Wagosi wa Kaya: Mgunda arudi, tulete mgeni, au tumwachie msaidizi?

Mgosi_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Kocha wetu David Ouma ameshaondoka, ligi ya msimu huu wa 2024/25 imeshaanza, na Coastal Union yetu ya Tanga, Wagosi wa Kaya, haina kocha mkuu wa kudumu. Hapa Ngamiani kila kijiwe cha kahawa kina jina lake. Nimeona tulilete hapa tulizungumze kwa utulivu, maana kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Yanayotajwa ni matatu. Juma Mgunda, kocha wetu wa zamani, arudi nyumbani. Au tuchukue tena kocha wa kigeni, kama tulivyomchukua Ouma kutoka Kenya. Au msaidizi anayeishikilia timu sasa hivi apewe moja kwa moja.

Mimi niko na la pili. Msimu wa 2023/24 tulianza vibaya, kocha akabadilishwa njiani, akaja Ouma, na mwisho wa msimu tukawa wa nne. Wa nne! Wenye kumbukumbu mnajua tulikotoka: msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulishusha timu tatu kwa mpigo, Coastal, African Sports na Mgambo. Tanga nzima ikabaki bila timu Ligi Kuu. Mimi nilikuwa nikipita nje ya uwanja wetu wa Mkwakwani nageuza uso upande wa pili.

Ouma aliifanya timu isifungike. Kipa wetu Ley Matampi akabeba tuzo ya kipa bora mbele ya Diarra wa Yanga. Lameck Lawi akawa beki wa kugombewa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekuja hapa hana shemeji wala jirani. Kocha mgeni hapigiwi simu saa nne usiku kuambiwa "mpange mtoto wa fulani". Hilo kwangu ndilo kubwa.

Semeni na nyie.

Binti_Makorora

Mgosi, nimekusoma na nakuheshimu, ila mimi ni Mgunda tu.

Tarehe 2 Julai 2022 nilikuwa Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga. Tulitoka Tanga usiku, basi limejaa mpaka ngazini, tumepita Segera, Same, Moshi, hakuna aliyelala. Yanga ile ilikuwa imemaliza ligi haijapoteza hata mechi moja. Watu wa Arusha walitutazama tukishuka na jezi zetu kama watu tuliokwenda kuzika.

Mshambuliaji wetu Sopu akafunga la kwanza. Akafunga la pili. Alipotia la tatu, mbele yangu alikaa mzee mmoja, akavua kofia yake ya viua, akaishika kwa mikono miwili kifuani, hakupiga hata kelele. Machozi yanamtiririka tu. Yanga wakasawazisha, ikaisha 3-3, penalti tukatolewa 4-1. Tumerudi na basi lile lile, na njia nzima hakuna aliyemtukana mchezaji hata mmoja.

Timu ile ilifundishwa na mtoto wa Tanga. Kacheza Coastal, kaifundisha Coastal, kaipandisha daraja 2018. Huyo hahitaji kuelezwa jezi hii ni nini.

Kapteni_Pongwe

Namuunga mkono dada. Mgunda. Sina la kuongeza.

Mdau_wa_Kange

Dada Binti, fainali ile hata mimi inanikaa kooni mpaka leo. Lakini mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Mgunda wa 2022 alikuwa na Sopu. Mwaka huo huo Sopu kaenda Azam. Na Mgunda mwenyewe Septemba 2022 Simba wakamchukua. Nani anatuhakikishia kwamba akirudi leo, mwakani hatutakuwa hapa hapa tunafungua mjadala mwingine?

Binti_Makorora

Kwani Simba walimchukua kwa ubaya? Alipofika aliwatoa Nyasa Big Bullets, akaenda Angola akawapiga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, Simba wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Sisi msimu huu tumekwenda Angola hiyo hiyo, timu ya Bravos imetufunga tatu bila majibu. Marudiano hatukupata hata bao la kufutia machozi. Anayejua kwenda ugenini Afrika akarudi na matokeo ni huyo, na ni wetu. Leseni ya ukocha ya CAF A, ya shirikisho la soka Afrika, anayo, hivyo hakuna atakayemzuia kukaa kwenye benchi la mechi za kimataifa.

Mgosi_wa_Ngamiani

Hapo kwenye Angola umenibana, nakubali. Ila mlinganisho wako hauko sawa, dada. Kule Simba Mgunda alikuta kikosi kilichozoea ndege na viwanja vigumu. Wetu wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kucheza mashindano ya CAF. Klabu yenyewe tulikuwa tumeyakosa tangu enzi za ule ubingwa wetu wa ligi wa 1988. Ukimpa mtoto baiskeli leo usimpeleke kesho mteremko wa Lushoto.

Mzee_wa_Mzunguko

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote polepole.

Mimi 1988 nilikuwa mtu mzima, nimeona ubingwa ule kwa macho. Lakini sitaki kuwarudisha huko, kwa sababu kila tukibanwa tunakimbilia 1988 kama kwamba vikombe vinazaana kabatini.

Nataka kuwakumbusha la karibu zaidi. Mwaka 2015 tulikuwa na Jackson Mayanja, Mganda. Kocha mzuri. Januari 2016 yuko Simba. Mwisho wa msimu huo huo ndiyo tulishuka, ile habari aliyoitaja Mgosi. Simlaumu Mayanja hata kidogo, kila mtu anatafuta riziki. Ninachosema ni kwamba alipoondoka, alivyokuwa anavifundisha vikaondoka naye. Tukaanza upya katikati ya msimu, timu inakimbizana na kushuka, na wachezaji wanajifunza kusimama upya.

Sasa angalieni: Mayanja mgeni, Simba. Mgunda mzawa, Simba. Mwamnyeto beki wetu, 2020 kaenda Yanga. Sopu, Azam. Mwenye fedha atachukua tu, awe mzawa awe mgeni. Kwa hiyo hoja yako Mgosi ya mgeni, na yako binti yangu ya mtoto wa nyumbani, mimi naziona zote zinaangalia mlango wa kuingilia. Tazameni na wa kutokea. Huyo kocha akiondoka anamwachia nani?

Niwape kisa. Miaka hiyo Makorora tulikuwa na timu ya mtaa, mwalimu wetu alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Mabeki wetu walikuwa wakivurugika, mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, straika wa wenzetu anapita katikati anacheka. Siku moja akaja na kamba ya katani. Akawafunga mabeki wanne kiunoni, mmoja mpaka mwingine, nafasi ya hatua kama nane hivi. Akawa anasogeza mpira kushoto, kulia, mbele, nyuma. Beki mmoja akichelewa, kamba inamvuta, na ile katani inakwaruza hasa, kiuno kinawasha mpaka jioni. Wiki ya kwanza walikuwa wanaangukiana. Wiki ya tatu wanakwenda kama mlango unaofungwa. Alipoondoa kamba, waliendelea kwenda hivyo hivyo.

Mwalimu yule alihamia shamba jingine. Msaidizi wake, kijana aliyekuwa akibeba mipira, aliendelea na kamba ile ile, na timu haikutetereka. Sababu kijana alikuwa amesimama pale kila siku, anajua kamba inafungwa wapi na inafunguliwa lini.

Fundi_Baiskeli

Shikamoo mzee. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika mimi.

Mimi ni wa chaguo la tatu ambalo naona mnalipita tu. Msaidizi huyu kakaa na hawa vijana tangu asubuhi ya kwanza ya maandalizi. Anamjua nani akifokewa anacheza na nani akifokewa anazima. Mgeni atatumia miezi miwili kuyajua hayo, na miezi miwili ni mechi nyingi.

Tena mimi nina mtoto wa miaka 15 anacheza. Kila jioni namuona anapasua chupa za maji anazipanga kama koni uwanja wa shule, anafanya mazoezi peke yake. Nataka siku moja amwone mtu aliyeanza kama msaidizi hapa hapa akapewa timu. Ikiwa kila nafasi ya juu tunaijaza kutoka mbali, mtoto huyu tunamwambia nini?

Mdau_wa_Kange

Fundi, hoja ya moyo naipokea, ila ligi hii haina huruma na anayejifunza kazini. Akifungwa mechi tatu mfululizo, sisi sisi tunaompigia debe leo tutakuwa wa kwanza kumzomea Mkwakwani. Tutakuwa tumeharibu kijana aliyekuwa na kesho yake. Mimi naogopa hilo kuliko kushuka nafasi mbili kwenye msimamo.

Mtanga_wa_Mbagala

Wakuu, niko Dar ila roho iko huko. Mimi nazungumzia mfuko.

Kocha wa kigeni si mshahara peke yake. Ni nyumba, kibali cha kazi, tiketi, na mara nyingi anakuja na mtu wake wa viungo au wa makipa. Ukimvunjia mkataba unalipa. Sisi siyo klabu ya tajiri mmoja. Fedha hiyo ukiigawa, unapata mshambuliaji wa maana dirisha dogo la usajili. Msimu uliopita ulinzi ulikuwa chuma lakini mabao tulikuwa tunayapata kwa tabu, hilo hata Mgosi anajua.

Na Mgunda msisahau hayuko nyumbani ameketi. Amekuwa Simba Queens, timu ya wanawake ya Simba, na msimu uliopita Simba walipobaki bila kocha wakamwita tena amalizie ligi. Watu wa aina hiyo hawasubiri, wanaomtaka ni wengi. Kama tunamtaka, ni wiki hii.

Mgosi_wa_Ngamiani

Mtanga, la mabao ni kweli tupu. Kuna mechi nimetoka uwanjani nimeridhika na sare ya bila kufungana, nikafika nyumbani nikajiuliza nimeridhika na nini.

Nimekuwa nikisoma ya Mzee tangu mchana. Nilipoandika nilikuwa nalinda jambo moja: kocha asiingiliwe. Bado nalilinda. Lakini naona halihusiani na pasipoti. Ouma hakuingiliwa sana kwa sababu timu ilikuwa inashinda. Mgeni anayefungwa anaingiliwa kama mzawa, tena zaidi, maana hana wa kumsemea.

Kwa hiyo nasogea. Mgunda, ila kwa masharti yaliyoandikwa. Mkataba wa miaka miwili, na klabu itakayomtaka katikati ilipe fidia ya kueleweka. Msaidizi wa sasa abaki kama msaidizi namba moja, asiondolewe kumpisha mtu wa kocha. Na asaidiwe kusoma ngazi inayofuata ya ukocha, klabu igharamie. Siku Mgunda akiondoka, na ataondoka, msaidizi awe na leseni mkononi na kikosi kichwani.

Binti_Makorora

Kaka Mgosi umesema. La fidia nakubali hata kama linamhusu ninayemtaka.

Niongeze moja tu. Mgunda akija, tumpe ruhusa ya kufungwa. Mwanzo atafungwa, kikosi si chake, hakukisajili yeye. Tusije tukamwita mtoto wa nyumbani halafu tukamtupia chupa mwezi wa kwanza.

Kapteni_Pongwe

Mechi tano za mwanzo bila kuzomea. Mimi jukwaani kwetu nalisimamia.

Fundi_Baiskeli

Mimi sijashinda lakini sijashindwa. Kama msaidizi anabaki na anasomeshwa, naweka jina langu. Kesho baada ya Alasiri tunakwenda na wenzangu wawili kuonana na mjumbe mmoja wa klabu, ni mteja wangu. Nitapeleka hoja za hapa kama zilivyo: mkataba, fidia, msaidizi abaki. Mwenye la kuongeza aandike kabla ya saa tisa.

Na Mzee, ile kamba ya katani ipo bado?

Mzee_wa_Mzunguko

Marahaba mwanangu. Ile ya zamani ilishaoza. Lakini katani Tanga haijakosekana. Mlete huyo mtoto wa chupa na wenzake watatu Jumamosi asubuhi uwanja wa shule, nitakuja nayo mpya. Waambie wavae fulana nene.